Askari Mmoja, Mtu Mmoja

Kuna mchezo upendwao na watu wengi wa Ulaya na Marekani, wazee kwa vijana, nao ni mchezo wa kupigana vita juu ya meza. Askari wake ni vijisanamu vya madini au plastiki, vingi vyao urefu wake wapata milimita 28, vilivyopakwa rangi kwa brashi nyembamba mpaka vifungo vya makoti vikaonekana. Wachezaji hupima mwendo kwa utepe, hutupa dadu kuamua ni nani aliyepigwa, na hufuata kanuni zilizoandikwa kitabuni. Miongoni mwa vita vipendwavyo sana katika mchezo huu ni vile vya Napoleon wa Ufaransa, vilivyoitikisa Ulaya tangu mwaka 1803 hata mwaka 1815.

Wako waudharauo mchezo huu kuwa ni wa watoto. Hao sina haja ya kubishana nao sana. Sataranji nayo ni vita vya mezani, wala hakuna aitukanaye. Tena waliouanza walikuwa watu wazima wenye kazi nzito: mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni zake, na jeshi la nchi ile likautumia kuwafundisha maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza, H. G. Wells, alitoa kitabu cha kanuni kwa watu wa nyumbani, akishikilia kwamba vita vya sanamu ni bora mara nyingi kuliko vita vya kweli. Mwaka uliofuata Ulaya ilichagua vita vya kweli.

Ugomvi wangu u kwa watu wengine, nao ni mabwana wa meza kubwa. Maana mchezo huu una namna mbili. Katika meza kubwa, kijisanamu kimoja husimama mahali pa watu 20, au 30, au zaidi, na mchezaji hujifanya Napoleon mwenyewe, akisukuma vikosi vizima kwa kiganja cha mkono. Katika meza ndogo, kijisanamu kimoja ni mtu mmoja. Kila upande una watu kumi, ishirini au thelathini tu. Mchezaji si mfalme bali ni kapteni au sajini, na anachokigombea si Ulaya, bali ni daraja, kisima au nyumba ya mkulima. Mabwana wa meza kubwa huicheka namna hii ya pili. Historia, wasema, hufanywa na majeshi makubwa. Nasema wamekosa, na kosa lao si dogo.

Kwanza, wamekosa katika historia yenyewe. Tazama vita vya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815. Katikati ya mstari wa jeshi la Wellington palikuwa na shamba lenye ukuta na majengo, jina lake La Haye Sainte. Walililinda Wajerumani wapatao 400 waliomtumikia mfalme wa Uingereza, mkubwa wao Meja Georg Baring. Usiku wa kuamkia vita, askari walioloa mvua waliuvunja mlango wa ghala wakaufanya kuni. Kulipokucha, pakawa na mwanya mahali pa mlango. Wafaransa walipolitia ghala moto, walinzi waliuzima kwa maji waliyoyachota kwa masufuria ya kupikia. Meja alituma watu mara kwa mara kuomba risasi, zisiletwe. Ingawa vikosi vingine viliongezwa kuwasaidia, jioni bunduki zilikuwa tupu, na shamba likatekwa. Baring alieleza kwamba, katika wale 400 wa kwanza, waliobaki naye wakiwa na uwezo wa kupigana walikuwa 42 tu. Kwa kutekwa shamba lile, mstari mzima wa Wellington uliingia hatarini.

Sasa jiulize: katika meza kubwa haya yote ni nini? Ni vijisanamu 20 vilivyoondolewa. Mlango haupo, masufuria hayapo, wala hayupo aliyekwenda mbio kuomba risasi akarudi mikono mitupu. Basi nani aijuaye historia zaidi, aliyesukuma vikosi, ama aliyekaa nyuma ya ukuta akihesabu risasi zilizobaki?

Pili, wamekosa katika elimu ya kazi ya askari. Bunduki nyingi za siku zile zilikuwa za gumegume. Kila mtu alipokwisha piga, alimimina baruti, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki; na fundi wa kazi hiyo aliweza kupiga mara mbili au tatu tu kwa dakika. Kwa hiyo askari wepesi waliotangulia mbele ya jeshi walikwenda wawili wawili, mmoja akipiga, mwenziwe akishindilia, ili pasiwe na wakati ambapo wote wawili hawana risasi. Meza ndogo humfundisha mchezaji jambo hili kwa vitendo, kwani aliyekwisha piga hangoji heshima ya cheo; hungoja zamu yake ya kushindilia.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wamekosa katika hesabu ya utu. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika vita vya Borodino, nchini Urusi, tarehe 7 Septemba 1812, waliouawa na kujeruhiwa kwa siku moja hawakupungua 60,000. Tarakimu hiyo hutamkwa kwa pumzi moja. Mtu aliyezoea kuondoa watu 20 kwa kidole kimoja huzoea pia kuwasoma hivyo, na aliyezoea kuwasoma hivyo, siku akipewa mamlaka, atawatuma hivyo.

Nitajibiwa: hata katika meza ndogo aliyeanguka hurudishwa sandukuni, na kesho husimama tena, tena hakuna dadu ya njaa wala ya baridi, na hizo pamoja na maradhi ndizo zilizoliangamiza jeshi la Napoleon huko Urusi. Ni kweli, wala sikatai. Hakuna mchezo uwezao kubeba msiba mzima. Lakini kati ya kioo chenye ufa na kioo kilichogeuzwa nyuma, nitakichukua chenye ufa.

Basi, enyi wanafunzi, kama mtaucheza mchezo huu, chezeni ule mdogo. Na kama hamtaucheza kamwe, usomeni ukurasa wa historia kwa kanuni yake. Mwalimu akiandika ubaoni 60,000, msiinakili haraka mkapita. Ulizeni ni nani aliyechoma mlango, nani aliyeshika sufuria, na nani aliyeombwa risasi asizipeleke.