Windows 10 haipati tena kinga mpya: Ufanye nini ukishuku kompyuta ya nyumbani ina virusi?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani imeacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za majumbani, shuleni na kwenye maduka ya steshenari. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka na kuchapa barua kama kawaida, na ndiyo maana wengi hawajui kwamba kuna kilichobadilika.

Kilichobadilika ni hiki: programu yoyote kubwa ina matundu ambayo watengenezaji wenyewe hawakuyaona. Yakigundulika, kampuni hutuma kiraka kupitia intaneti na kompyuta hujiziba. Kwa Windows 10 viraka hivyo havitoki tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza ambao Microsoft iliutangaza hadi tarehe 13 Oktoba 2026.

Ushauri wa kampuni ni kuhamia Windows 11. Lakini mfumo huo unadai kifaa maalumu cha usalama ndani ya kompyuta na prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za mitumba tunazonunua hazina sifa hizo. Kwa hiyo wengi wetu tutaendelea na tulizonazo, na ni vyema kujua la kufanya mambo yakiharibika.

Funzo la Mei 2017

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa, na ndani ya siku chache kikafika katika nchi zaidi ya 150. Shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, Europol, lilisema walioathirika walizidi 200,000. Kirusi hicho kilizifunga faili za mwenye kompyuta, kisha kikamdai dola 300 za Marekani ili kuzifungua. Nchini Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa.

Jambo la kujiuliza ni hili: kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Kirusi kilipenya pale ambapo kiraka hakikuwekwa. Leo mwenye Windows 10 asiye katika mpango wa nyongeza hawezi hata kulaumiwa kwa kuchelewa, kwa sababu kiraka chenyewe hakimfikii.

Huku kwetu, ambako kompyuta nyingi huunganishwa na intaneti ya simu kwa muda mfupi tu, mlango mwingine mkubwa ni flashi. Mwishoni mwa mwaka 2008 kirusi cha Conficker kilianza kuenea hadi kuingia katika mamilioni ya kompyuta duniani, na flashi ilikuwa moja ya njia zake. Flashi inayopita steshenari, shuleni, ofisi ya kijiji na nyumbani hukusanya mengi njiani. Njia ya tatu ni programu za kulipia ambazo watu huzipata bure baada ya kuvunjwa kufuli. Aliyeivunja kufuli hiyo anaweza kuwa ameweka na chake ndani.

Dalili za kweli na za uongo

Kompyuta kuwa nzito peke yake si ushahidi. Inawezekana diski imejaa au mashine imezeeka. Dalili za kutilia maanani ni folda za kwenye flashi kugeuka shotikati, programu ya kinga kujizima yenyewe, marafiki kupokea ujumbe ambao hukuutuma, au faili kubadilika majina na kukataa kufunguka.

Kuna dalili moja ambayo mara nyingi ni mtego. Ukiwa kwenye intaneti, ukurasa unajaa kioo chote na kupiga kelele kwamba kompyuta yako imeambukizwa, piga simu namba hii haraka. Usipige. Microsoft imesema wazi kwamba maonyo yake huwa hayana namba ya simu. Hapo huenda kompyuta haina ugonjwa wowote, ila anayepokea simu atakuomba umruhusu aingie. Funga ukurasa huo, au zima kompyuta kabisa.

Saa ya kwanza

Chukulia katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye hesabu za wanachama 30 zimo katika kompyuta moja. Wiki ya mgawo anakuta faili hazifunguki. Atakachofanya katika saa ya kwanza kitaamua mengi, na mpangilio wake una maana.

Kwanza, akate intaneti. Azime hotspoti ya simu na achomoe flashi zote. Virusi vingi hutuma taarifa nje au hupokea amri kutoka nje, na bila mtandao njia hiyo inafungwa. Flashi iliyokuwa humo asiichomeke kwenye kompyuta ya jirani ili kuangalia kama inafunguka. Hivyo ndivyo tatizo la nyumba moja linavyokuwa la mtaa mzima.

Pili, achukue simu yake, ambayo haijaguswa na tatizo hilo, abadilishe nenosiri la barua pepe kabla ya mengine yote. Aliyeishika barua pepe yako anaweza kuomba nenosiri jipya la akaunti zako nyingine. Kisha awashe uthibitisho wa hatua mbili. Asifanye kazi hiyo kwenye kompyuta inayoshukiwa, kwa kuwa baadhi ya virusi hurekodi kila herufi unayobonyeza.

Tatu, kama kuna tangazo la kudai fedha, apige picha ya kioo kwa simu na asilipe. Malipo hayamhakikishii mtu kurudishiwa faili zake. Faili zilizofungwa asizifute. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi vya aina hii. Ufunguo usiopatikana leo unaweza kupatikana baadaye.

Nne, aikague kompyuta. Windows 10 ina kinga yake ya ndani, Microsoft Defender, na kampuni imesema itaendelea kuipa orodha ya virusi vipya hadi Oktoba 2028. Tusichanganye mambo hapa: Defender ni mlinzi anayetambua sura za wezi, lakini haizibi tundu la ukutani. Arudishe mtandao kwa muda wa kusasisha orodha hiyo tu, kisha achague ukaguzi wa nje ya mtandao. Kompyuta itajizima na kujiwasha, kisha itajikagua kabla Windows haijaanza kazi, wakati ambapo kirusi hakina nafasi nzuri ya kujificha.

Ukimpelekea fundi

Ikiwa tatizo halijaisha, dawa ya uhakika zaidi ni kufuta diski yote na kuweka Windows upya. Mafundi huita kufomati. Kabla ya hapo, mwambie fundi atoe nakala ya nyaraka na picha zako. Ukisahau kumwambia, kompyuta itarudi imepona na kumbukumbu zako zote zitakuwa zimefutwa. Nakili nyaraka na picha tu, si programu, na zikaguliwe kabla ya kurudishwa.

Muulize pia Windows anayoiweka ameitoa wapi. Kuweka nakala iliyovunjwa kufuli ni kujirudishia hatari ileile kwa fedha yako. Kama kompyuta haiwezi Windows 11, ipo Linux, mfumo wa bure unaoendelea kupata viraka na ambao baadhi ya matoleo yake hufanya kazi vizuri kwenye mashine za zamani. Kwa barua na majedwali ya hesabu unatosha, ingawa utahitaji siku kadhaa za kuuzoea.

Tukirudi kwa katibu wetu, hatua hizo zote zinaweza kuiponya kompyuta na bado zisirudishe hesabu za wanachama 30. Hizo zitarudi tu ikiwa nakala ilikuwepo mahali pengine tangu kabla. Flashi moja isiyoazimwa, inayochomekwa mara moja kwa wiki kwa kazi hiyo tu na kisha kufungiwa kabatini, inatosha. Pamoja na daftari la karatasi lililosainiwa na mweka hazina, mgawo utafanyika siku ileile uliyopangwa.