Ngozi Inayokakamaa: Majibu kwa Madai Matano

Kutoka Kayna hadi Butembo, mashariki mwa Kongo, watu wamezoea baridi ya milimani. Mama ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe, kisha rangi ya samawati, kila anapofua asubuhi, huambiwa atazoea. Miezi ikipita, ngozi ya mikono inakaza, mdomo haufunguki sawasawa, bugali inakwama kifuani. Hapo maneno huanza. Ugonjwa huu ni skleroderma. Kwa kuwa wachache wameuona, kila mtu ana maelezo yake.

"Amelishwa sumu, au amerogwa." Sivyo: kinga ya mwili imegeukia mwili wenyewe. Nyuzi ngumu zinatengenezwa kupita kiasi na kujazana kwenye ngozi, umio, mapafu na hata figo. Umio ukikakamaa, chakula hushuka kwa shida na mgonjwa hukonda. Ndiyo maana watu hudhani amelishwa kitu. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Visababishi vyake vingi bado havijajulikana, lakini kimoja kimethibitika: vumbi la mawe yenye silika. Mwaka 1957 daktari Erasmus aliandika juu ya skleroderma kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini. Wanaoponda mawe ya dhahabu katika Lubero wana sababu ya kuliogopa vumbi hilo kuliko kumwogopa jirani.

"Ni ukoma." Vidole vilivyojikunja huwapotosha wengi. Ukoma huletwa na bakteria, huua hisia za ngozi, na hupona kwa vidonge vinavyotolewa bure. Mwenye skleroderma kwa kawaida hapotezi hisia za ngozi, tena huhisi maumivu makali, na hamwambukizi mtu. Kikombe chake, kitanda chake na mtoto wake mgongoni havina hatari yoyote. Hata hivyo apimwe, kwa sababu Kongo bado ina ukoma na matibabu ya magonjwa haya mawili ni tofauti.

"Prednisone ya duka la dawa itamaliza." Dai hili ndilo la hatari kuliko yote. Dozi kubwa ya dawa hiyo inaweza kuchochea shambulio la figo: presha hupanda ghafla, kichwa huuma, macho huona ukungu. Kabla ya dawa za presha za jamii ya captopril, wengi waliopatwa na shambulio hilo walikufa upesi. Ripoti ya Marekani ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba asilimia 76 ya waliotumia dawa hizo walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 15 ya wasiozitumia.

"Haina dawa, basi asubiri kufa." Ni kweli haiponi. Lakini nifedipine au amlodipine hufungua mishipa ya vidole, na omeprazole hupunguza kiungulia. Glavu, maji ya vuguvugu, chakula kidogo kidogo, kulala kichwa kikiwa juu na kuacha sigara vinasaidia pia.

"Mawazo hayana uzito, kinachougua ni mwili." Mwanasaikolojia Howard Leventhal alieleza kwamba kila mgonjwa hujiuliza: hiki ni nini, kimetoka wapi, kitadumu hadi lini, kitaniharibia nini, kinadhibitika? Tafiti za Ulaya kwa wenye skleroderma zimeona kwamba majibu ya maswali hayo huenda sambamba na ubora wa maisha yao. Ugumu wa ngozi pekee hauelezi kila kitu. Anayeamini amerogwa huuza mbuzi, huhama kutoka chumba cha maombi kimoja hadi kingine, na hufika hospitali amechelewa. Beni na Butembo wanaijua gharama hiyo. Katika Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, walioiona kuwa biashara ya wakubwa waliwaficha wagonjwa wao nyumbani.

Tangu waasi wa M23 walipoiteka miji ya Kanyabayonga na Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, kusafiri kutafuta daktari bingwa kumekuwa kugumu zaidi. Lakini kupima presha hakuhitaji bingwa. Ukiona vidole vinabadilika rangi na ngozi inakaza, mpeleke mgonjwa kituo cha afya, apimwe presha kila mara, na asimeze prednisone bila daktari. Jirani naye aendelee kula naye sahani moja.