Hesabu Inayowasingizia Vijana wa Tunduma

Wako wasomi wapangao mikoa kwa wingi wa makosa ya vijana, kisha huitazama Songwe kama mgonjwa. Nawapinga. Kosa huandikwa pale mtu akamatwapo. Hugawanywa kwa idadi ya watu iliyotokana na usiku mmoja wa sensa, Agosti 2022. Lakini Tunduma ni mlango wa Zambia. Madereva wa malori, wabadili fedha na wachuuzi hupita mwaka mzima, leo hawa, kesho wengine. Makosa yao yahesabiwa kuwa ya Songwe. Wao wenyewe hawahesabiwi.

Tena mpaka wenyewe huzaa makosa. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Kijana avushaye gunia la mahindi kwa siri kwenda Nakonde kwa mjomba wake ni mhalifu. Mwenzake wa Singida apelekaye gunia kama hilo kijiji cha pili ni mkulima hodari. Tabia zao zatofautiana wapi? Na Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016: je, vijana wake waliharibika mwaka huo walipopata safu yao katika jedwali?

Sikatai kwamba wizi upo. Nimepata kuibiwa Tunduma mimi mwenyewe. Nakataa kuambiwa kwamba mwizi wangu alikuwa mwenyeji.