Historia ishuke hadi Mabogini

Kila ifikapo tarehe 2 Machi, wananchi wa Old Moshi hukumbuka siku ile ya mwaka 1900 ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, jumla yao watu 19. Miongoni mwao walikuwapo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho, na vilevile viongozi wa Meru na Arusha. Mahali penyewe panajulikana, wazee wa kupasimulia bado wapo, na tangu mwaka 2019 pana onyesho la picha na maelezo linalowaeleza wageni na wenyeji yaliyotokea. Hayo yote ni ya kusifiwa, kwani taifa lisilojua limetoka wapi haliwezi kuongozwa isipokuwa na wale wanaolijua kuliko linavyojijua lenyewe.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo watumishi wa serikali na walimu wa Mkoa wa Kilimanjaro hawana budi kulitazama. Historia ya mkoa huu imebaki mlimani. Hadhara zake hufanyika mlimani, wasemaji wake hutoka mlimani, na mgeni wa Ulaya akitaka kuisikia hupandishwa mlimani. Mwalimu wa Mabogini, kilomita chache kusini ya mji wa Moshi, humfundisha mwanafunzi wake habari za Meli kwa kumwonyesha mlima kupitia dirishani, kana kwamba anamwonyesha nchi nyingine.

Wapo watakaosema kwamba hivyo ndivyo ilivyo haki, kwa kuwa Mabogini ni mahali pa watu waliohamia. Ni kweli kwamba uwanda huo umejaa watu waliokuja kutafuta ardhi, ama kazi katika mashamba ya miwa ya TPC yaliyoanzishwa na Wadenishi katika miaka ya 1930, ama maji ya mpunga. Lakini hoja hiyo yavunjwa na hiyo hiyo tarehe 2 Machi. Walionyongwa hawakuwa wa ukoo mmoja wala wa umangi mmoja. Mjerumani hakuuliza nani wa Moshi na nani wa Meru. Iweje basi leo, zaidi ya karne moja baadaye, kumbukumbu yao igawanywe kwa mipaka ambayo hata adui yao hakuijali?

Kuishusha historia uwandani kuna faida nyingine, nayo ni kwamba hadhira ya mchanganyiko haiwezi kusimuliwa sifa tupu. Mbele ya jamaa zake, msemaji hupenda kuanzia mwezi Juni 1892, pale majeshi ya Meli yalipoishinda safari ya von Bülow, na Wajerumani wakaondoka kwa muda. Huo ulikuwa ushujaa, wala hakuna anayeukana. Lakini ni wangapi wanaoanzia mwaka 1891? Mwezi Februari mwaka huo Wissmann aliishambulia Kibosho ya Mangi Sina, naye alisaidiwa na askari wa Rindi, baba yake Meli. Mwaka 1893 ilipofika zamu ya Moshi, von Schele akamshinda Meli, Wachaga walikuwa bado wamegawanyika vilevile. Hiyo ndiyo habari yenye mafunzo makubwa zaidi kwa kijana, nayo ndiyo inayorukwa. Hata leo wapo wanaoyataja kwa kunong'ona majina ya mamangi wa jirani wanaodaiwa kuchongea katika balaa la mwaka 1900. Ni afadhali mambo hayo yazungumzwe hadharani na mtu aliyesoma na kupima ushahidi, kuliko kuachwa yazunguke vilabuni penye mbege.

Halikadhalika isisahauliwe kwamba enzi za mamangi hao zilikuwa na biashara ya mateka waliopelekwa pwani. Jamhuri iliufuta utawala wa machifu mwaka 1963, wala kumkumbuka Meli si kuurudisha. Mtu anaweza kuheshimiwa kwa kusimama dhidi ya mvamizi bila ya kila alichotawala nacho kuhesabiwa kuwa ni haki. Hotuba isiyoweza kuyasema mambo hayo mawili kwa pamoja haistahili kuitwa hotuba ya historia. Hiyo ni sherehe ya ukoo, na ukoo una haki ya kuifanya nyumbani kwake.

Waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ile, ama waliofundishwa na waliosoma hapo, wanalikumbuka jina la Walter Rodney, mwanahistoria wa kutoka Guyana. Mwaka 1968, alipokuwa mwalimu wa Chuo Kikuu nchini Jamaica, alitoka nje ya madarasa akaenda kuzungumza historia ya Afrika na makabwela wa Kingston, wakiwamo Warasta, wakikaa popote palipopatikana nafasi ya kukaa. Mwezi Oktoba mwaka huo serikali ya Jamaica ilimzuia asirudi kisiwani, na mji ukawaka ghasia. Mwaka 1969 alikuwa tena Dar es Salaam, akaendelea kufundisha hapo hadi mwaka 1974. Swali ni hili: mtu mwenye shahada alikuwa na hatari gani akizungumza habari za falme za kale na vibarua? Serikali ile ilielewa jambo ambalo maofisa wengi wa utamaduni hapa kwetu hawajalielewa, kwamba historia ikimfikia yule ambaye hakukusudiwa kuisikia, huanza kufanya kazi.

Na Mabogini ina historia yake yenyewe ya kusimulia, wala haihitaji kuazima yote kutoka mlimani. Kwa karne nyingi Wachaga wamechimba mifongo, yaani mifereji inayoshusha maji kutoka korongoni hadi vihambani, na kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na zamu, na faini kwa asiyetokea siku ya kuusafisha. Elimu hiyo ilikuwapo kabla ya mhandisi yeyote wa kigeni kukanyaga hapo. Kisha, mwaka 1987, ukakamilika mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa mkopo wa serikali ya Japani, ukiwa umepangiwa hekta zipatazo 2,300, ambazo karibu nusu yake zilikuwa za mpunga. Mabanio yakajengwa kwenye mito ya Njoro na Rau, majaruba yakasawazishwa, na mavuno yakaongezeka kupita matazamio.

Kuongezeka huko ndiko kulikoleta mgogoro. Wakulima wa juu, walioona mpunga wa wenzao ulivyostawi, nao wakafungua mifereji yao kutoka Rau, na maji yaliyotazamiwa kufika katika majaruba ya chini yakapungua mwaka hata mwaka. Katika magomvi hayo mkulima wa juu husema kwamba mto ulikuwa wa babu yake kabla ya saruji ya Mjapani. Mkulima wa chini husema kwamba aliahidiwa maji na serikali. Kila mmoja ana kipande cha historia mkononi, wala hajapata kukisikia kipande cha mwenzake kikisimuliwa kwa utulivu. Afisa wa umwagiliaji anaweza kufunga lango la banio kwa kufuli, lakini hawezi kwa kufuli hilo kumweleza mtu ni nani aliyeutumia mto huo kwanza, kwa utaratibu gani, na ni lini utaratibu huo ulibadilika.

Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu aliyekuwa akilalamika kwamba hana lugha ya kuwaita wazee darasani sasa amekwishaipata. Wala mfano wa kufuata haukosekani. Nathaniel Mtui wa Marangu aliandika madaftari ya historia ya Wachaga tangu kabla ya kumalizika kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ni madaftari hayo ambayo baadaye yalimsaidia mwandishi wa Kiingereza, Kathleen Stahl, kukiandika kitabu chake cha mwaka 1964. Aliyeandika kwanza alikuwa mwenyeji mwenye daftari na subira ya kusikiliza. Shule za Mabogini hazikosi watu wa namna hiyo. Kinachokosekana ni ofisi ya kuwaambia kwamba kazi hiyo ni kazi, na kuwalipia angalau nauli na karatasi.

Muda nao ni mfupi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ambayo yapatayo 200 yalitoka Tanzania. Vipimo vya vinasaba viliwapata jamaa walio hai wa mafuvu matatu, na mojawapo lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuonekana. Vipimo hivyo viliwezekana kwa sababu familia zilikuwa bado zinakumbuka nani alizaliwa na nani. Huko uwandani, aliyekuwa na miaka 30 wakati mfereji mkuu ulipofunguliwa mwaka 1987 sasa anakaribia miaka 70, na hakuna aliyemhoji.

Basi halmashauri ya wilaya na viongozi wa kata wakubaliane na walimu siku moja katika mwaka, baada ya mavuno, wakati mikono ya watu imepumzika. Mahali pawe penye kivuli karibu na banio, si hotelini mjini. Waitwe mzee mmoja wa mfongo kutoka Old Moshi, mkulima mmoja wa tangu siku za kwanza za mradi, na mwalimu mmoja aliyesoma historia. Wanafunzi wapewe madaftari, nao waandike.