Msiba Si Machozi

Wako wataalamu wasemao kwamba mchezo wa kuigiza unaohusu msiba kazi yake ni kuwaliza watu. Watazamaji wakilia, mchezo umefaulu; wasipolia, umeshindwa. Neno hili nalipinga, na nawaomba wasomaji walipime.

Atakaye kujua msiba ni nini na aende Buguruni. Huko nyumba moja hukaliwa na wapangaji wa makabila na dini mbalimbali. Turubai likiisha kufungwa, wanawake huketi mikekani, na daftari la rambirambi hupitishwa kwa wanaume. Kilio cha kwanza kikitulia, huja maneno mazito zaidi. Je, marehemu azikwe mjini alipoishi, au asafirishwe kwao? Nani aseme kwa ajili yake, mkewe au ndugu zake? Kibanda chake cha biashara kitashikwa na nani? Mchezo waanzia hapo.

Ebrahim Hussein alilitambua jambo hili. Tamthilia yake, Kwenye Ukingo wa Thim, iliyochapishwa mwaka 1988, ilitokana na kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno wa Kenya, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake Wambui, aliyekuwa Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, ambao ni Waluo, ukadai azikwe Nyalgunga. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na marehemu akazikwa tarehe 23 ya mwezi huo, baada ya miezi mitano ya kungoja.

Aghalabu tamthilia hii hufasiriwa kuwa ni vita vya mila na usasa. Tafsiri hiyo ni nyepesi mno. Katika kesi yenyewe, ukoo ulioitetea mila ulisimama mbele ya majaji, ukiwa na mawakili wake, kama alivyosimama mjane. Kilichogombewa ni mamlaka: nani mwenye maiti?

Wala swali hilo si la Kenya peke yake. Kwetu Tanzania, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, liliweka kanuni kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe maadamu wapo watu wa ukoo. Atunzwe na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za namna hiyo zina ubaguzi, ila ikakataa kuzitangua.

Mtu atauliza: je, kilio hakina nafasi jukwaani? Kinayo. Lakini mtungaji atuoneshaye mjane akigaagaa chini, huku akituficha shemeji ahesabuye mali chumbani, ametudanganya. Na sisi walimu tumwitapo huyo fundi wa huzuni, twashirikiana naye katika uongo. Yafaa tamthilia za namna hii zitoke katika mitihani, zichezwe Buguruni, mbele ya watu waliokwisha kukaa matanga. Wakiondoka wakibishana juu ya haki ya mjane, hapo ndipo tuseme mchezo umefaulu.