Elimu ya Kibokoni na majarida ya vyuo: Nani hutajwa, nani husahauliwa?

Kwa miaka mingi watafiti wa vyuo vikuu wamekuwa wakiingia vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, Kibokoni ikiwemo, wakiwa na madaftari na vinasa sauti. Wako wanaouliza habari za milango ya nakshi, wako wanaotafuta mashairi ya Kimvita, na wako wanaotaka kujua asili ya Miji Tisa na Miji Mitatu. Wazee huketi barazani wakawajibu, kahawa ikanywewa na shukrani zikatolewa. Baada ya hapo yaliyosemwa hayasikiki tena mtaani. Yakionekana, huonekana katika jarida la chuo kikuu ambalo aliyeyasema hatalisoma, na mara nyingi jina lake halimo.

Suala hilo si geni, lakini limepata uzito mpya tangu mwaka wa 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ilipotoa kanuni zinazomtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha angalau makala mawili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu kabla ya kutunukiwa shahada. Wahadhiri nao hupandishwa vyeo kwa kuangaliwa walichochapisha. Makala ya utafiti, ambayo zamani yalikuwa zao la kazi ya miaka, sasa ni sharti la kuhitimu na la kupata riziki.

Shabaha ya kanuni hizo ilikuwa njema, kwani utafiti usiochapishwa hufia kabatini. Hata hivyo, penye wengi wenye haraka hapakosi wa kuwauzia njia ya mkato. Ndipo yalipoenea majarida bandia, ambayo humwandikia msomi barua ya kumsifu, humuahidi kuchapisha kwa siku chache, kisha humtoza ada bila ya mtu yeyote kuyasoma makala yake kwa makini.

Ukubwa wa tatizo ulidhihirika mwaka wa 2013. Mwanahabari John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akayatia makosa ya wazi, kisha akayatuma kwa majarida 304 yanayosomwa bila malipo. Majarida 157 yaliyakubali. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa na jarida la Science la Marekani.

Jarida la haki haliendi mbio hivyo. Mhariri hutazama kwanza kama mada inalihusu jarida lake. Kisha huondoa jina la mwandishi na kuyapeleka makala kwa wahakiki wawili au zaidi, nao huuliza maswali magumu: swali la utafiti ni lipi, data zilipatikanaje, waliotangulia walisema nini, na hitimisho linatokana na ushahidi au na matamanio? Mwandishi hurudishiwa kazi airekebishe, pengine zaidi ya mara moja. Miezi hupita, na kwa baadhi ya majarida hata mwaka.

Katika maandalizi hayo yote, ikisiri hupimwa kwa maneno, marejeleo hukaguliwa nukta kwa nukta, na kibali cha utafiti cha NACOSTI huulizwa. Linaloulizwa kwa nadra ni hili: elimu hii ni ya nani?

Kanuni zenyewe zimechangia. Kamati za maadili huwataka watafiti waufiche utambulisho wa wanaohojiwa, ili wasidhurike kwa waliyoyasema. Sharti hilo lina busara panapochunguzwa maradhi, siasa au uhalifu. Lakini likitumiwa kwa mshairi, fundi wa nakshi au mwanachuoni, mwenye elimu hugeuka kuwa “mhojiwa wa saba”. Anayedhaniwa kulindwa huwa amenyang’anywa.

Mitindo ya marejeleo nayo ina dosari yake. Katika mtindo wa APA unaotumiwa na vyuo vingi, mahojiano ya mtafiti hutajwa ndani ya matini tu na hayaingii katika orodha ya marejeleo, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyapata akayathibitisha. Hivyo kitabu kilichonakili maneno ya mzee huorodheshwa, ilhali mzee aliyeyatamka haorodheshwi. Toleo la saba la mwongozo huo, lililotoka mwaka wa 2019, limeongeza maelekezo ya kuwataja kwa majina wenyeji wanaotoa maarifa ya mapokeo. Hiyo ni dalili kwamba malalamiko ya aina hii yamesikika hata ng’ambo.

Historia ya Mombasa ina mifano ya pande zote mbili. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka wa 1890, ndiye aliyezikusanya beti za Muyaka bin Haji na kumpa Mwingereza W. E. Taylor. Diwani ilipochapishwa Johannesburg mwaka wa 1940, mhariri wake alikuwa William Hichens. Leo kila mwanafunzi wa fasihi anamjua Muyaka, lakini jina la Sikujua limebaki kwa wataalamu.

Kwa upande wa pili yuko Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyefundisha SOAS, London. Yeye na P. J. L. Frankl walitia saini makala yao pamoja, yakiwemo yale ya mwaka wa 1990 kuhusu tarehe ya Mombasa. Yuko pia Ahmed Sheikh Nabhany (1927-2017), mzaliwa wa Lamu aliyehamia Mombasa na ambaye ndiye aliyetupa neno “runinga”. Utenzi wake, Sambo ya Kiwandeo, ulipochapishwa Leiden mwaka wa 1979, ulitoka kwa jina lake, na wasomi Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg wakawa wahariri. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete.

Mifano hii yaonyesha kwamba haki inawezekana bila ya kushusha kiwango cha usomi. Aliyechangia hoja na uchambuzi ni mwandishi mwenza. Aliyetoa matini au habari atajwe kwa jina, mahali na tarehe. Aliyefungua mlango na kuonyesha njia nafasi yake ni kwenye shukrani. Na wako wazee ambao kwa hiari yao hawapendi kutajwa. Hao waulizwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa, na jibu lao liheshimiwe.

Suala la lugha nalo halikwepeki. Mombasa si mgeni wa majarida. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1930, ilikuwa na ofisi yake mjini humu mwaka wa 1962 hadi 1963, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Jarida lililotokana nayo, Kiswahili, liko leo chini ya TATAKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Swahili Forum la Ujerumani nalo hupokea makala ya Kiswahili na husomwa bure kwenye intaneti. Msomi anayedai kwamba Kiswahili hakina pa kuchapishiwa hajatafuta.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani, vilivyopata hati zao mwaka wa 2013, viko karibu zaidi na mabaraza haya kuliko Leiden au London. Vingeweza kulifanya jambo moja lisilohitaji fedha nyingi: kila makala yaliyotokana na utafiti wa Mji wa Kale yawe na ikisiri ya Kiswahili, na nakala yake irudishwe kwa waliohojiwa. Faida si ya heshima tu. Mzee wa Kibokoni atakayeshika nakala hiyo ndiye mhakiki ambaye hakuna jarida lililomtafuta, na akiona kosa atalisema.