Programu umelipia wewe, lakini funguo anazo nani?

Chukulia una duka la vipodozi Kariakoo na unataka programu ya kupokea oda. Bei ya fundi wa hapa Dar inakushtua. Unaingia Upwork au Fiverr, unampata mtaalamu wa India kwa hela ndogo, na tofauti ya saa kati yenu ni mbili na nusu tu. Unalipa, programu inafanya kazi, maisha yanasonga.

Shida inaanza siku anapoacha kujibu meseji.

Mmiliki ni nani?

Wengi tunaamini aliyelipa ndiye mwenye mali. Kwenye programu mambo siyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya India ya 1957 inamtambua mwandishi wa programu kuwa mmiliki wa kwanza. Kama si mwajiriwa wako, haki zinahamia kwako kwa maandishi yaliyosainiwa.

Majukwaa hayo yana masharti ya kuhamisha haki baada ya malipo. Ukimvutia WhatsApp ili mkwepe makato, kinga hiyo umeiacha nyuma.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 2005 eBay ya Marekani iliinunua Skype, iliyotengenezwa na wataalamu wa Estonia, kwa dola bilioni 2.6. Kumbe teknolojia ya msingi ilikuwa ya Joltid, kampuni ya waanzilishi wa Skype. Mwaka 2009 wakafikishana mahakamani, na waanzilishi wakaishia kupewa hisa.

Bei nafuu ina mengine

Ukimlipa mtaalamu wa nje kwa huduma, sheria ya kodi Tanzania kwa kawaida inakutaka ukate kodi ya zuio ya asilimia 15 na kuipeleka TRA. Na majina na namba za wateja wako zikitoka nje ya nchi, zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Ufanyeje?

Jina la tovuti na akaunti ya seva visajiliwe kwa barua pepe yako. Lipa kwa awamu, na kila awamu upokee msimbo wote wa programu. Kisha mlipe fundi wa hapa saa chache aukague.

Kumtafuta mtu wa mbali siyo kosa. Kosa ni kumuachia funguo za duka.